Viatu Visivuliwe Mapema

Mzazi wa Pajulu aliyejaliwa mtoto mwenye mguu kifundo, yaani unyayo uliopinda kuelekea ndani, hana sababu ya kumficha. Tiba aliyoianzisha Daktari Ignacio Ponseti huko Iowa, Marekani, katika miaka ya 1940, hutolewa Uganda. Mguu hunyooshwa taratibu kwa mikono na kufungwa plasta ngumu, ambayo hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 au 6. Watoto wengi hukatwa pia ukano wa kisigino.

Kazi ngumu huja baadaye. Mtoto huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa ufito, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu usiku tu mpaka miaka 4 hivi. Mtoto hulia. Jirani husema mguu umekwisha nyooka, mateso ya nini? Vikivuliwa mapema, mguu hupinda tena, na plasta huanza upya.

Na akina baba? Wengine humwachia mama safari zote za Arua mjini, kisha huwa wa kwanza kulalamikia nauli, au kuuliza laana hiyo imetoka ukoo gani! Laana haimo. Baba na amshike mtoto usiku, mama afunge viatu.