Siku Nne za Uraiani: Mapumziko ya Kuruta Kabla ya Wiki za Mwisho za Depo

Wakufunzi wenzangu,

Nimepewa nafasi katika warsha hii ya kuzungumzia mapumziko ya sikukuu anayopewa kuruta wa polisi kabla hajaingia wiki za mwisho za mafunzo. Wakati wa chai baadhi yenu mliniuliza kama hilo nalo ni jambo la kuandikiwa mada. Ni jambo, tena zito, na sisi tunaopanga ratiba tumelichukulia kirahisi kwa miaka mingi.

Nianze na yaliyonipata mwenyewe. Zilikuwa zimebaki wiki nne tufunge mafunzo, na Pasaka ikaangukia hapo hapo. Alhamisi, baada ya kwata la asubuhi, afande wa kombania alisimama mbele yetu na karatasi, akasoma majina ya waliopata ruhusa hadi Jumatatu saa kumi na mbili jioni. Jina langu lilikuwemo. Nikapanda basi kwenda Tanga kwa shangazi yangu, nikafika usiku, nikala wali wa nazi nusu sahani, nikalala. Shangazi hakuniamsha. Nilizinduka Ijumaa Kuu jua limeshapanda, nikaruka kitandani natafuta raba chini ya godoro, nikidhani nimeachwa na mchakamchaka.

Jioni akaniletea beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi, akaniambia nitumbukize miguu. Kucha za vidole gumba vyote viwili zilikuwa nyeusi. Malengelenge ya kisigino yalikuwa yamepasuka yakaota sugu, kisha yakapasuka tena juu ya sugu. Alikaa kwenye kigoda, akaitazama miguu ile kwa muda, halafu akaniuliza: "Mwanangu, miezi yote hiyo wamekufundisha nini?"

Nikamwambia mengi, lakini lililonitoka kwa ufasaha ni somo la ukamataji, kwa sababu mtihani wake ulikuwa unakuja. Nikamweleza kwamba Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka anayekamata amwambie anayekamatwa kosa lake. Shangazi alinyamaza, akaingiza kidole kwenye maji kupima kama yamepoa. Kisha akasema, "Basi yule aliyekuja kumchukua mtoto wa jirani mwezi uliopita hakusema neno. Mama yake alizunguka vituoni siku mbili anamtafuta."

Sikuwa na jibu. Nilirudi depo na swali lile, nikakifungua kitabu kile kile nilichokuwa nakikariri, nikakisoma safari hii nikimwona mama yule anatoka kituo kimoja kwenda kingine. Nimefundisha somo hilo miaka mingi tangu hapo, na sijawahi kulifundisha bila kumkumbuka. Darasani nilifundishwa kifungu. Kwa nini kifungu kipo, nilifundishwa na shangazi, miguu ikiwa kwenye beseni.

Hoja yangu yote imo humo. Siku zile nne ni somo, na ni somo pekee ambalo mwalimu wake ni raia. Tunamchukua kijana kutoka uraiani, tunamfungia depo miezi kadhaa, tunambadilishia nguo, mwendo, hata namna ya kuitikia anapoitwa. Kazi hiyo ni ya lazima. Lakini mtu huyo tunakwenda kumrudisha kwa watu wale wale aliotoka kwao, safari hii akiwa na pingu na mamlaka. Asipokutana nao hata mara moja kabla ya kufunga mafunzo, atakutana nao mara ya kwanza akiwa kazini, na wote tunajua maswali ya watu siku hiyo huwa makali kuliko ya shangazi.

Sasa mwili. Wapo wanaosema kuruta akipumzika siku nne atarudi amelegea. Hofu hiyo haina msingi. Mkimbiaji wa marathoni hupunguza kilomita zake wiki mbili au tatu za mwisho kabla ya mashindano, na hafanyi hivyo kwa uvivu: nguvu aliyoijenga kwa miezi haipotei kwa siku chache, ila uchovu ndio unaotoka. Mifupa nayo ina kanuni zake. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt alieleza maumivu na uvimbe wa nyayo za askari waliotembezwa masafa marefu. Baadaye, picha za eksirei zilipopatikana, ikajulikana kwamba ni nyufa za mfupa. Mfupa unapopewa kazi mpya na ngumu, mwili huanza kwa kubomoa sehemu zilizochoka ndipo ujenge upya zilizo imara zaidi, na katikati ya kubomoa na kujenga mfupa huwa dhaifu. Ukiendelea kuupigisha kwata bila kituo, ufa unatokea kwenye muundi au kwenye wayo. Kila mmoja wetu hapa anamjua kuruta aliyefunga mafunzo kwa magongo, au asiyefunga kabisa, kwa maumivu ya mguu tuliyoyaita uzembe.

Hata yale ya darasani yanafaidika. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejipima kumbukumbu yake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, aliona kwamba kurudia jambo kwa kuachanisha siku kunalikaza kichwani kuliko kulirundika kwa siku moja; siku hizo nne ndizo zinazoachanisha.

Lakini mapumziko mabovu yanaweza kuwa mabaya kuliko kukosa mapumziko, na hapa nataka tukae kidogo, maana kosa huwa letu.

Chukua kuruta wa Shule ya Polisi Moshi ambaye kwao ni Mtwara. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara. Hadi mwaka 2023 mabasi yetu hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, kwa hiyo safari hiyo ilikuwa ikikatwa njiani watu wakalala. Siku hizi usiku umefunguliwa, na kijana wa miaka 20 hufanya hesabu moja tu: abaki nyumbani hadi dakika ya mwisho, apande basi la usiku, aingie getini alfajiri ya Jumanne. Watafiti wa Australia walionesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake hushuka hadi kufanana na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Kijana huyo ndiye tunayempanga asubuhi hiyo hiyo kwenye shabaha na kumkabidhi silaha yenye risasi za moto. Tusimlaumu yeye. Ratiba ndiyo iliyompeleka hapo. Mwisho wa ruhusa uwe Jumatatu saa sita mchana, wala si alfajiri ya Jumanne, na silaha zisitolewe ghalani hadi amelala usiku mmoja kitandani mwake.

Na siku ya kwanza ya kurudi tuiache doso. Tunayo mazoea, tusiyafiche, ya kuwapokea kwa kuwarusha kichura na kuwabingirisha uwanjani ili "kuwatoa uraia". Baadhi yao wametoka safarini hawajanywa maji ya kutosha, wengine wamekunywa pombe sikukuuni. Mwili wa namna hiyo ukikamuliwa ghafla, nyuzi za misuli huvunjika na kumwaga mabaki yake kwenye damu. Mkojo hugeuka rangi ya chai ya rangi, na figo zinaweza kuzidiwa. Ukimwona kuruta ana maumivu ya misuli yasiyo ya kawaida na mkojo wa rangi hiyo, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo. Usimwambie ajikaze.

Kuna kundi ambalo huwa halitajwi kabisa katika mazungumzo haya: wasiokwenda popote. Hawana nauli, au kwao ni mbali mno, au hakuna anayewasubiri. Siku hizo nne wenzao wakiwa majumbani, wao wanapewa fatiki: kufyeka, kusafisha jiko, kulinda lango zamu mbili mfululizo kwa kuwa watu ni wachache. Jumanne wanasimama kwenye gwaride na wenzao, wamechoka kuliko walivyokuwa Alhamisi. Hii ni dhuluma, na inawaangukia walio maskini zaidi. Zamu za lango sikukuu zichukuliwe na askari wa chuo. Kuruta aliyebaki alale, afue, apige simu kwao, na aende mjini hata kwa nusu siku akaketi na watu wasiovaa kombati.

Tusisahau pia kwamba Pasaka si ya wote. Idd husogea nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka, kwa hiyo kozi moja itaikuta katikati na nyingine haitaikuta kabisa. Ninachotetea hapa ni wikendi ndefu moja, kabla ya zoezi la porini na mitihani ya mwisho, kwa kila kuruta wa kila dini. Ikikutana na sikukuu, ni heri.

La mwisho ni adhabu. Nimewahi kuona, katika chuo nisichokitaja, kombania nzima ikinyimwa ruhusa kwa sababu ya kofia moja iliyopotea. Mabegi yalikuwa yameshafungwa. Wazazi walikuwa wameshaambiwa. Vijana wale walijifunza kitu siku ile, na walichojifunza ni kwamba mwenye cheo anaweza kumwadhibu asiye na kosa. Nawaomba mpime wenyewe askari wa namna gani anatoka kwenye somo hilo. Aliyepoteza kofia aadhibiwe kwa kofia yake.

Ombi langu kwa warsha hii ni moja. Ratiba ya kozi ijayo, kabla haijapelekwa kwa Mkuu wa Chuo kutiwa saini, ioneshe siku hizo nne kwa tarehe zake, kama inavyoonesha shabaha na mitihani. Ioneshe gari la kuwafikisha stendi, na ioneshe saa moja ya Jumanne asubuhi, kabla ya kwata, ambapo kuruta watakaa chini waeleze waliyoulizwa na watu wa kwao. Saa hiyo nitakaa nao mimi, kuanzia kombania ya kwanza.