Kumaliza Shule Siyo Kumaliza Elimu



Kila mwaka, mtihani wa kumaliza shule ya msingi ukiisha, watoto wa Kijenge huagana kwa furaha na machozi. Aliyekuwa mwanafunzi jana, leo si mwanafunzi tena, wala hajahesabiwa kuwa mtu mzima. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka elimu ya msingi iwe imekamilika yenyewe, isiwe ngazi ya kwendea sekondari tu. Lakini mashamba ya Meru yamegawanywa mno. Urithi haumtoshi kila kijana. Hapo ndipo chama kinapohusika: vijana wafundishwe mizani na vitabu vya hesabu, tena wasikilizwe mkutanoni. Kengele ya shule ikinyamaza, ya ushirika na isikike.