Mkutubi wa Chuo Kikuu na Historia ya Karagwe
Mhadhara wa umma, Mabira, Wilaya ya Kyerwa



Wengi wanamjua mkutubi kama mtu wa kugonga mihuri na kudai vitabu vilivyocheleweshwa. Kazi hiyo ipo na ina heshima yake. Leo nazungumzia ile isiyoonekana kaunta, kwa kuwa bila hiyo nchi hii ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe, itabaki kusomwa kwa macho ya Speke, mpelelezi Mwingereza aliyepita hapa mwaka 1861.

Tuchukue makala moja. Mwaka 1947, J. Ford na R. de Z. Hall walichapisha historia ya Karagwe katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Kwenye kichwa cha makala, Karagwe imewekwa ndani ya Wilaya ya Bukoba, maana ndivyo utawala wa kikoloni ulivyopanga. Baadaye Karagwe ikawa wilaya, na mwaka 2012 Kyerwa ikamegwa kutoka Karagwe. Sasa kijana wa Mabira aliyeko chuoni anaandika “Kyerwa” kwenye katalogi ya kompyuta, asipate kitu. Anamweleza msimamizi wake kwamba kwao hakujaandikwa chochote, na tasnifu inaanza na kosa.

Kosa hilo haliondolewi na kompyuta mpya. Huondolewa na mkutubi aliyekaa na ramani za zamani na matangazo ya serikali, akajua mipaka ilihama lini, kisha akaunganisha majina: anayetafuta Kyerwa aelekezwe Karagwe, na wa Karagwe aelekezwe Bukoba. Msomaji ataona mstari mmoja tu. Nyuma yake kuna utafiti kamili, na mimi nauhesabu kuwa sawa na makala ya jarida.

Ndivyo ilivyo pia kwa nyaraka za Hans Cory, aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika, zilizohifadhiwa katika Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Cory aliandika juu ya sheria za kimila za Wahaya, majirani zenu. Nyaraka za namna hiyo, zisipopangwa na kuelezwa moja moja, ni karatasi tu. Kitabu cha Israel Katoke kuhusu ufalme wa Karagwe, cha mwaka 1975, na msamiati wa lugha ya Runyambo wa Josephat Rugemalira, wa mwaka 2002, navyo vinastahili kukutanishwa na nyaraka hizo mbele ya msomaji mmoja.

Katika vyuo vikuu vyetu vya umma, mkutubi mwenye shahada za juu ni mwanataaluma: hufundisha, na hutakiwa kuchapisha ili apande cheo. Nina neno kwa wakutubi wenzangu. Tumepima vya kutosha kama wanafunzi wanatumia majarida ya kielektroniki. Tuandike sasa juu ya makusanyo yenyewe: yana nini, yanakosa nini, na nani ameachwa nje.

Nanyi wa Mabira nina ombi kwenu. Mtafiti akija kuwauliza habari za koo, migomba au kahawa, mpokeeni, mweleweshane. Lakini kabla hajaondoka, mwulizeni nakala ya kazi yake ataiweka maktaba gani, na mtake jina la Mabira liandikwe humo.