Aikman na Cowboys Wake

Dallas Cowboys wakichapwa, mashabiki wao husubiri kauli ya Troy Aikman. Aliichezea timu hiyo ya futiboli ya Kimarekani misimu 12 akiwa kwotabeki, yule mrushaji anayeongoza mashambulizi, akatwaa ubingwa wa Super Bowl mara tatu. Alistaafu mwaka 2001, akashika maikrofoni ya utangazaji. Tangu 2022 yuko kituo cha televisheni cha ESPN.

Oktoba 2024, Detroit Lions waliwanyuka Cowboys 47 kwa 9, tena nyumbani kwao. Aikman hakumung'unya maneno. Redioni mjini Dallas alisema wapokeaji wa mpira wanakimbia vibaya, na nyota CeeDee Lamb akamtaja kwa jina.

Kwa kawaida pasi ikipotea, lawama humwangukia kwotabeki. Lakini kwotabeki harushii mtu, anarushia mahali. Mara nyingi mpira huondoka mkononi kabla mpokeaji hajageuka. Mpokeaji akianza kwa kujivuta, au akikatisha mbio hatua mbili kabla ya pale walipokubaliana, mpira unadakwa na mpinzani na uwanja mzima unamzomea mrushaji. Aikman alizoeana hivyo na mpokeaji wake Michael Irvin miaka mingi, ndiyo maana macho yake huangalia miguu kwanza.

Wapo wanaomwita msaliti. Mimi nasema afadhali yeye kuliko wakongwe wanaopewa maikrofoni wakaishia kutuambia timu ilikosa bahati. Swali zito zaidi, hata hivyo, linamhusu mwenye timu. Jerry Jones aliinunua mwaka 1989 na ndiye pia meneja mkuu; tangu ubingwa wa Januari 1996, Cowboys hawajafika hata nusu fainali.