Hesabu ya 41: Willie Brown na Kiti cha Spika wa California

1. Utangulizi



Siasa za Marekani zikitajwa, wengi wetu tunawaza Washington. Lakini shule, magereza, bima, ardhi na leseni za kazi kwa sehemu kubwa hutungiwa sheria katika majimbo. Mada hii inamtazama mwanasiasa wa ngazi hiyo: Willie Brown, Spika wa baraza la chini la Bunge la California kuanzia Desemba 1980 hadi Juni 1995. Alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kukalia kiti hicho, na hakuna aliyekikalia muda mrefu kama yeye.

Baraza hilo lina wabunge 80, na Spika huchaguliwa na wabunge wenyewe. Mwenye kura 41 ndiye Spika. Hoja yangu ni kwamba Brown aliwashinda wenzake kwa sababu alizihesabu kura hizo mtu mmoja mmoja, bila kujali kadi za vyama. Ustadi huo ulimpa madaraka makubwa, na ukawafanya waliochoshwa naye watafute njia ya kumtoa nje ya ukumbi wa Bunge.

2. Kutoka Mineola hadi Bungeni

Brown alizaliwa mwaka 1934 Mineola, mji mdogo wa mashariki mwa Texas, enzi ambazo sheria ilitenga watu kwa rangi hata madarasani. Mwaka 1951, baada ya kumaliza sekondari, alimfuata mjomba wake San Francisco. Alisoma chuo huku akifanya vibarua, akahitimu sheria mwaka 1958, na akawa wakili wa watu ambao mawakili wakubwa hawakuwataka.

Mwaka 1961 yeye na mkewe walikwenda kutazama nyumba iliyokuwa ikiuzwa katika mtaa mpya wa Forest Knolls. Wauzaji walipowaona, waliondoka. Brown aliongoza maandamano ya kukaa palepale, na jina lake likavuma mjini. Mwaka uliofuata aligombea ubunge dhidi ya mkongwe wa chama chake cha Demokrati, akashindwa kwa kura chache. Mwaka 1964 alirudi kwa mpinzani yuleyule, akashinda.

3. Kushindwa kulikomfundisha

Kufikia mwaka 1971 alikuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha, ambayo karibu kila mswada wa matumizi ulipita mikononi mwake. Mwaka 1974 aliutaka uspika akiamini kura anazo. Kulipokucha, Leo McCarthy, Mdemokrati mwenzake kutoka jiji lilelile, ndiye aliyezipata, tena baadhi zikitoka kwa wabunge Weusi ambao Brown aliwahesabu kuwa wake. Alipokonywa nafasi zake, akawa mbunge wa kawaida.

Miaka sita baadaye McCarthy na Howard Berman, mbunge mwingine wa Demokrati, waligombania kiti hicho mpaka Wademokrati wakagawanyika. Brown aliuona mwanya. Aliwaendea Warepublican, chama cha upinzani, akawaahidi watumishi, ofisi na nafasi katika kamati. Desemba 1980 akachaguliwa kwa kura 28 za Warepublican na 23 za Wademokrati. Spika wa Wademokrati aliingia madarakani akibebwa zaidi na upinzani kuliko na chama chake. Hili lingekuwa gumu mahali ambapo chama ndicho kinachomshika mbunge mkono. Kwetu Tanzania, na kwa majirani zetu Kenya, mbunge anayejitoa katika chama chake hupoteza kiti. California haina sharti hilo.

4. Zana za Spika

Spika wa California hapigi rungu tu. Enzi za Brown alipanga wajumbe na wenyeviti wa kamati, aliamua mswada uende kamati ipi, na aligawa ofisi na bajeti za watumishi. Juu ya hayo, alichangisha fedha za kampeni kwa makampuni, vyama vya walimu, mawakili na madaktari, kisha akazigawa kwa wabunge waliokabiliwa na uchaguzi mgumu. Mkono mtupu haulambwi, na wa Brown haukuwa mtupu. Upelelezi wa FBI kuhusu rushwa, uliofanyika mwishoni mwa miaka ya 1980, uliwafikisha baadhi ya wabunge gerezani. Brown hakushtakiwa, lakini Bunge zima lilichafuka machoni pa wananchi.

Mwaka 1988 Wademokrati watano walimwasi na kutaka kuungana na Warepublican. Aliwaondoa katika kamati zao, akasubiri uchaguzi wa Novemba, akapata wabunge wa kutosha kuendelea bila wao.

Madaraka hayo yaligusa hata bara letu. Mwaka 1986 Bunge hilo lilipitisha mswada wa mbunge Maxine Waters wa kuondoa fedha za pensheni za jimbo katika makampuni yaliyofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu. Brown, ambaye kwa uspika wake alikuwa pia mjumbe wa bodi ya Chuo Kikuu cha California, alisukuma chuo hicho kichukue hatua kama hiyo. Gavana George Deukmejian, Mrepublican, naye hatimaye alikubali. Nelson Mandela alipofika Oakland Juni 1990, aliwashukuru watu wa eneo hilo kwa msimamo wao.

5. Wapiga kura wanaingilia kati

Wapinzani wa Brown hawakuweza kumtoa ndani ya Bunge, wala katika jimbo lake la uchaguzi lililompenda. Njia iliyobaki ilikuwa kura ya maoni. Novemba 1990 wananchi walipitisha Pendekezo 140 kwa asilimia 52: mbunge wa baraza la chini asizidi miaka sita, seneta wa baraza la juu asizidi minane, na bajeti ya Bunge ipunguzwe. Spika alitajwa waziwazi katika kampeni hiyo. Walioshindwa kumnyang'anya kura walimnyang'anya muda.

Alitumia muda uliobaki kuonyesha alichojua. Novemba 1994 Warepublican walipata viti 41, yaani hesabu kamili. Siku ya kupiga kura, Paul Horcher alijitoa chama cha Republican na kumpigia Brown: 40 kwa 40. Kisha upande wa Brown ukamwondoa Mrepublican mwingine, Richard Mountjoy, kwa hoja kwamba alikuwa pia amechaguliwa kuwa seneta, na Januari 1995 Brown akarudi kitini. Wapiga kura wa Horcher walimvua ubunge mwezi Mei. Juni, Brown aliachia kiti, lakini aliyekipata ni Doris Allen, Mrepublican aliyechaguliwa kwa kura za Wademokrati na yake mwenyewe. Desemba hiyo Brown alichaguliwa meya wa San Francisco, akaongoza jiji hadi Januari 2004.

6. Hitimisho

Baada yake maspika walipishana haraka, wakiwamo Pringle, Bustamante, Villaraigosa, Hertzberg, Wesson. Kila mmoja aliondoka kabla au punde baada ya kuijua kazi. Ukomo wa vipindi ulileta sura mpya, ila ujuzi wa bajeti na miswada ulibaki kwa watumishi wa kudumu na mawakala wa makampuni, ambao hawakuwekewa ukomo. Mwaka 2012 wananchi wenyewe walilegeza sheria, mbunge akaruhusiwa miaka 12 katika baraza moja.

Brown alionyesha kwamba Bunge lenye Spika hodari linaweza kusimama mbele ya gavana. Alionyesha pia kwamba uhodari unaolishwa kwa fedha za wenye maslahi huwafanya wananchi walichukie Bunge lenyewe. California ilimtibu mtu kwa kuipunguzia taasisi nguvu. Fedha za kampeni, ambazo ndizo zilizokuwa donda, hazikuguswa na Pendekezo 140.

Maswali ya mjadala

1. Je, mbunge aruhusiwe kubaki na kiti akihama chama, kama Horcher, ilimradi wapiga kura wake waweze kumvua?
2. Je, ukomo ufaao ni wa mbunge, au wa cheo cha Spika peke yake?
3. Nani ahifadhi kumbukumbu na ujuzi wa Bunge pale wabunge wote wanapokuwa wageni?