Akili ya Mfanyi Kazi ni Mali ya Nani?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi letu la wafanyi kazi wa reli)



Tumepewa nafasi ndogo kabla ya chai, kwa hivyo hatutazunguka. Mwaka uliopita, katika karakana moja, fundi mwenzetu alitengeneza chuma cha kung'olea bloki za breki za behewa. Zamani kazi ile ilitaka watu wawili na matusi mengi. Kwa chuma chake mtu mmoja alitosha. Msimamizi akakisifu, akaomba mchoro wake aupeleke kwa wakubwa. Baada ya miezi vikaja vyuma kumi vya namna ile ile, vimepakwa rangi, na jina lililoandikwa juu yake si la mwenzetu. Alipouliza akajibiwa, "Wewe si unalipwa mshahara?" Akatujia sisi wa tawi, nasi tukaona haya, maana hatukuwa na jibu.

Basi tukaenda kwa wakili. Alitusomea kifungu cha 32 cha Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001. Kitu kilichobuniwa katika kutimiza mkataba wa kazi, haki ya hataza ni ya mwajiri. Hataza ni ile hati ya serikali inayowazuia wengine kukitengeneza au kukiuza kitu hicho kwa miaka 20. Ndugu, hapo wengi wetu tulitaka kuinuka kwenda zetu. Lakini wakili akasema ngojeni. Sheria ile ile inasema ni hivyo kama mkataba haukusema vingine. Tena, kitu kikileta faida kubwa kupita ilivyotazamiwa, aliyekibuni ana haki ya kulipwa mbali na mshahara wake, na wasipopatana liko Baraza la kuamua.

Akatupa na mfano wa Afrika ya Kusini. Mwaka 2000 Nkosana Makate, kijana aliyekuwa akijifunza uhasibu katika kampuni ya simu ya Vodacom, alitoa shauri kwamba mtu asiye na pesa katika simu aweze kumtumia mwenziwe ujumbe wa bure, "tafadhali nipigie". Ujumbe wa namna hiyo hata sisi tunautuma, hasa tarehe za mwisho wa mwezi. Mkubwa mmoja wa kampuni alimwahidi fungu la mapato. Aliahidi kwa mdomo. Huduma ilianza mwaka 2001, na fungu halikuja. Mwaka 2008 akaenda mahakamani. Mwaka 2014 akashindwa, kwa kuwa eti yule mkubwa hakuwa na mamlaka ya kuahidi, na tena muda wa kudai umepita. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikampa haki. Hata hivyo mabishano juu ya kiasi yaliendelea. Randi milioni 47 alizokata mkuu wa kampuni mwaka 2019 alizikataa, na hawakupatana mpaka mwaka 2025. Hesabuni wenyewe miaka hiyo.

Nani kati yetu ana gharama za kesi kama hiyo? Kule Makate alisaidiwa na watu wenye fedha, waliotaka sehemu ya ushindi. Hapa Kenya, Sheria ya Mawakili inakataa mapatano ya wakili kulipwa akishinda tu. Huwezi kumwambia, "Bwana, nitetee, tukishinda tutagawana." Ada yake ni lazima ilipwe, ushinde ushindwe. Fundi wa karakana peke yake atafika mlangoni kwa wakili na kurudi.

Ndiyo sababu tunaleta shauri hili mbele yenu. Mapatano yetu na mwajiri yatakapofunguliwa tena, tudai kiingizwe kifungu cha kusema mfanyi kazi aliyebuni kitu atatajwa jina na kulipwa, na malipo yatahesabiwaje. Sheria imetuachia nafasi, nasi tumebishana miaka yote juu ya posho ya nyumba tu. Pia tunaomba fedha kidogo za tawi zitengwe kwa ada ya wakili. Tunajua hazina si nene, na wengine mtasema kuna matanga ya kusaidia kwanza. Semeni, ndiyo mkutano.

Na kuanzia leo, mtu akibuni kitu, achore, aandike tarehe, aweke sahihi na shahidi mmoja, kisha ndipo amwonyeshe msimamizi. Mwenzetu wa bloki za breki yuko hapa, amekaa karibu na mlango. Mchoro wake wa kwanza bado anao katika daftari, lakini hauna tarehe. Wakili amesema tumpelekee hivyo hivyo Jumatatu.