Shamba Likiisha Kuvunwa

Jioni hii twataka kunena nanyi habari ya mwisho wa mwaka wa mkulima, na mambo ambayo mwisho huo watufundisha juu ya maisha yetu.

Huku kwetu Kilosa mwaka wa mkulima hufuata mvua. Vuli huja karibu na mwezi wa Novemba. Masika hutawala tangu Machi hata Mei. Kisha huingia kipupwe na mavuno. Mpunga wa mabondeni hukatwa, mahindi huvunjwa, na mbaazi hubaki peke yake shambani, kwani huchelewa kukomaa. Nazo zikiisha kuchumwa, mabua husimama makavu, hata mpita njia hudhani ya kuwa shamba limekufa. Ukisafiri mpaka Mikumi utaona vivyo hivyo: nyasi za mbuga ya Mkata hukauka, na wanyama wa hifadhi ile, iliyowekwa mwaka 1964, hukusanyika penye maji yaliyosalia.

Lakini shamba halikufa. Uhai wake umehamia nyumbani, nao waning'inia juu ya meko. Wazee wetu huchagua mahindi makubwa yenye punje zilizojipanga sawasawa, huyafunga kwa maganda yake na kuyatundika darini, ili moshi uyalinde na fukusi. Hiyo ndiyo mbegu.

Twakumbuka mwaka 2009. Tulikuwa tumeanza kazi ya ualimu juzijuzi, na aliyetupa mahali pa kulima ni mjomba wetu, kama ilivyo desturi ya Wakaguru na Wasagara, ambao ukoo wao huhesabiwa kwa upande wa mama. Baada ya mavuno tulimwambia, "Mjomba, mahindi haya ya darini ni mengi mno. Tuyauze, tununue bati." Akajibu, "Wapwa wangu, hayo si yangu wala si yenu. Ni ya mwakani." Tulinung'unika, na moyoni tulimdharau.

Mwishoni mwa Desemba ya mwaka ule mvua kubwa ilinyesha. Mto Mkondoa ulifurika hata Januari 2010, maelfu ya watu wakakosa makao, na reli ikaharibika. Jamaa zetu wa bondeni walitoka na watoto mgongoni tu. Chakula na mbegu vilikwenda na maji. Nyumba ya mjomba, iliyokuwa mlimani, haikuguswa. Masika yalipokaribia aliyashusha mahindi yale, akayapima kwa kibaba, akagawa nyumba kwa nyumba. Sisi tuliotaka kuyauza ndio tuliotumwa kuyapeleka. Tuliona haya, nasi hatujasahau.

Mwaka huu mjomba hakulima. Magoti yake yamechoka. Baada ya mavuno alituita, akatutembeza polepole kwa mkongojo katika mipaka ya shamba, akipumzika mara kwa mara, akituonyesha mti huu, jiwe lile, na mahali maji yapitapo mvua ikizidi. Kisha akatuambia tuchague mbegu sisi wenyewe, naye akaketi akitazama. Tulipochagua vibaya alitikisa kichwa tu.

Ndugu zetu, mtu naye ana vuli yake, masika yake na kiangazi chake. Kuzeeka si aibu, kama vile shamba halioni aibu kukauka baada ya kuzaa. Hasara ni kufika kiangazi bila kuacha mbegu. Mji wa Mikumi umeitwa kwa jina la mikumi, yaani mivumo, mti ukawiao miaka mingi kabla ya kuzaa. Aupandaye huenda asionje tunda lake, lakini watoto wa dada yake wataonja.

Basi, enyi wazee, waonyesheni vijana mipaka mngali mkiweza kutembea, msije mkawaachia ugomvi badala ya shamba. Nanyi wanafunzi, siku hizi ambazo jembe limepumzika, ketini na wazee wenu mkawaulize: mbegu hii huchaguliwaje? Maji hupita wapi? Andikeni majibu katika daftari, kabla vuli haijaanza. Akiba haiozi, na maarifa yaliyokwisha kupokewa ni akiba.

Kwaherini.